Boksi Namba Themanini na Nane

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema, na kwamba jicho la kulia limeanza kukutii. Dada aliniambia kwenye simu kwamba bandeji imetolewa, na kwamba kitu cha kwanza ulichokiona ni vumbi juu ya kabati lake, nawe hukunyamaza. Nikajua umepona. Mwambie asinune, sisi tuliokaa nawe nyumba moja miaka yote tumeshazoea. Mama hajambo? Goti lake je? Msalimie sana, na umwambie maumivu asiyafanye siri mpaka yamlaze kitandani.

Sisi huku hatujambo kabisa. Mke wangu anakuamkia. Mjukuu wako ameingia darasa la nne na amechukua tabia yako. Kila daftari lake ameliandikia namba mgongoni, na juzi kikombe kilipovunjika alimwuliza mama yake kitaandikwa wapi kwamba hakipo tena. Nilicheka, halafu nikaogopa.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, simu ya Dada ikipigwa, spika inafunguliwa, na mazungumzo yanasikika mpaka kwa jirani aliyekuja kuazima pasi. Na wewe mwenyewe jambo lisiloandikwa hulihesabu kuwa halijatokea. Hili limetokea. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome peke yako. Tafadhali usimpe mtu akusomee.

Nianze na Fundi Kimya. Tangu ulipostaafu mwaka jana ukaniachia masjala, hajabadilika hata kidogo. Bado analeta madaftari yake masjala yakishajaa, anayaweka mezani, anaguna, anaondoka. Anaingia kwenye mashimo ya lifti za watu asubuhi, anatoka jioni ana grisi mpaka kwenye kope, na kinachozungumza kwa niaba yake ni daftari: tarehe, alichokigusa, alichokikuta kibovu, na sahihi ya msimamizi wa jengo kuonyesha kwamba ameelezwa. Nilizoea kumtania kwamba siku akipotea tutamtangaza kwa mwandiko wake, maana sauti yake hakuna anayeijua.

Miezi miwili iliyopita lifti mojawapo anayoihudumia, ile ya jengo la ghorofa sita lenye maduka ya nguo chini, ilishindwa kushika breki. Ikashuka kwa kishindo kutoka ghorofa ya pili mpaka chini kabisa. Ndani alikuwamo mama mmoja mshonaji, amekumbatia mzigo wa vitambaa. Vitambaa ndivyo vilivyompokea. Alivunjika mkono wa kushoto tu. Naandika “tu”, lakini mshonaji na mkono wake, fikiria mwenyewe.

Msimamizi wa jengo hakungoja hata plasta ikauke. Alimwambia mkaguzi wa serikali kwamba fundi wetu alikuwa akija anazungukazunguka, anachukua sahihi na kwenda zake, na kwamba hajawahi hata siku moja kumweleza kuwa breki ina matatizo. Fundi Kimya akasimamishwa kazi. Mkaguzi akasema kama hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba alitoa onyo, atanyang'anywa leseni na kesi itakwenda mahakamani. Wenzake wakamzunguka wakimsihi ajitetee, aseme chochote. Akasema mara moja tu kwamba yote yameandikwa, akachukua kofia yake akaenda nyumbani.

Na kweli yaliandikwa, ila unamjua. Katika daftari la sasa kila mwezi kuna mstari ule ule: “Breki: kama ilivyoelezwa daftari lililopita, ukurasa wa 61.” Mtu asiyependa maneno hapendi hata kuyaandika mara mbili. Msimamizi hakukana sahihi zake kwenye mistari hiyo, lakini alishikilia kwamba huo ukurasa wa sitini na moja ulihusu kelele za mlango. Basi mkaguzi akataka daftari lililopita, akatoa siku kumi. Mkurugenzi akanigeukia mimi. Nikamwambia lipo masjala, nitalileta.

Baba, nilipofika masjala nikasimama mbele ya ile rafu ya ukutani, na rafu ilikuwa tupu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwezi mmoja kabla ya ajali, Mkurugenzi mpya alikuja kuona masjala. Ni mama mwenye adabu zake lakini anatembea haraka, na maneno yake pia yanatembea haraka. Aliuliza haya maboksi yote yanangoja nini. Nikamwambia yanangoja muda wake, miaka kumi. Akasema nusu ya chumba anaihitaji kwa ajili ya kuwafundishia mafundi wapya, kwa hiyo yale ambayo muda wake umekwisha yaende kwenye kiwanda cha kuchana karatasi wiki hiyo hiyo. Ningeweza kumwambia wiki haitoshi. Sikumwambia. Pale ofisini bado wananiita mtoto wa masjala, kana kwamba nilirithi kiti pamoja na mto wake, nami nilitaka aone kwamba mimi ni mtu wa kisasa, si kivuli chako.

Unaukumbuka utaratibu wako: mwaka boksi lilipofunguliwa unaandikwa nje kwa kalamu nene, na mwaka lilipofungwa, pamoja na mwaka wa kuteketezwa, unaandikwa ndani ya kifuniko, kwenye kikaratasi cha kijani. Nilipoanza kazi nilikuuliza kwa nini usiandike vyote nje, mtu aone mara moja. Ukanijibu kwamba anayetaka kulitupa boksi alifungue kwanza. Nikaitikia ndiyo Baba, na moyoni nikasema huu sasa ni ukaidi wa uzee.

Basi nilichukua ubao na kalamu, nikapita katikati ya rafu nikisoma nje tu. Mwaka huu, ongeza kumi, umepita, toka. Mwaka huu, ongeza kumi, umepita, toka. Mia mbili na kumi na mawili kwa siku moja na nusu, nikajiona hodari. Na mwishoni mwa orodha, kama unavyojua, kuna ule mstari uliouandika wewe: “Nimefungua na kukagua kila boksi.” Nikasaini chini yake. Boksi namba themanini na nane, la lile jengo la maduka ya nguo, nje liliandikwa mwaka wa miaka kumi na moja iliyopita. Ulilifunga mwenyewe mwaka jana, wiki ya mwisho kabla hujatuachia funguo. Miaka kumi ilikuwa ihesabiwe kutoka hapo, kutoka daftari la mwisho lilipofungwa, si kutoka la kwanza lilipofunguliwa. Hilo ulinifundisha siku ya kwanza kabisa. Kwa hiyo lilikuwa limebakiza miaka tisa, nami nikalipakia kwenye lori.

Sikumwambia mtu. Siku tano nilijifanya natafuta. Nilihamisha maboksi yaliyobaki kutoka rafu hii kwenda ile, nikayarudisha, nikajipaka vumbi ili nionekane mtu wa kazi. Siku ya tatu Fundi Kimya mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, akanitazama ninavyohangaika. Baada ya kama saa nzima akasimama, akaniwekea mkono begani, akasema pole na kazi. Kati ya watu wote, yeye ndiye aliyenipa pole. Afadhali angenitukana. Mkewe naye alinipigia simu siku ya tano, akaniuliza kwa upole kama ningependa waje na watoto wao wakubwa wanisaidie kupekua, maana mumewe halali na hataki kula. Nikamwambia tuko karibu kulipata. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, lakini mdomo bado ulikuwa unaahidi.

Sasa nikupe raha kabla ya karaha. Siku ya nane nilifungua jalada la uteketezaji. Kwa nini nililifungua nitakwambia mbele, niache kwanza nifurahi. Ndani yake ilikuwamo hati iliyotoka kiwandani kuthibitisha kwamba karatasi zetu zimechanwa. Ilikuja mapema tu, nami niliitoboa matundu mawili nikaipachika bila kuisoma. Safari hii niliisoma. Orodha yangu ilisema mia mbili na kumi na mawili. Hati ilisema mia mbili na kumi na moja. Nikahesabu upya kwa kidole. Nikaigeuza, na nyuma mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: “Boksi moja limezuiliwa. Karatasi ya ndani inasema bado. Simu yenu haipokelewi. Njooni.” Tundu langu la juu lilikuwa limetoboa katikati ya neno “limezuiliwa”.

Sikuomba ruhusa, sikufunga hata dirisha. Nilifika kiwandani natweta. Ni uwanja mpana wenye bati juu, mashine inanguruma upande mmoja, na upande mwingine kuna meza ndefu ambapo mzee mmoja anachomoa pini na vibanio kwenye majalada kabla hayajaenda kuchanwa, maana chuma kinavunja meno ya mashine. Ana sumaku iliyofungwa kamba shingoni. Nikamwambia nimetoka kampuni ya lifti. Hakuuliza zaidi. Aliinua miguu yake kutoka juu ya kitu kilichokuwa chini ya meza, na kitu hicho kilikuwa boksi letu, limewekwa alama za vikombe vya chai kifuniko kizima.

Alinieleza kwamba alilifungua ili atoe pini, akakuta kikaratasi cha kijani kinachosema lisiguswe mpaka mwaka fulani ambao bado haujafika, na kwamba mwenye shaka apige simu masjala. Akapiga mara tatu. Baba, ile namba ni ya simu ya mezani ya zamani, na simu hiyo niliikata mwenyewe walipojenga ukuta wa kugawa chumba. Wenzake walimwambia asijisumbue, wenye mali wamesaini, tia mashine twende. Akawajibu kwamba kilichopita kwenye ile mashine hakuna mganga wa kukirudisha, na boksi likikaa chini ya meza halimwombi mtu chakula. Akakaa nalo karibu miezi mitatu. Akaniuliza kama mwenye mwandiko ule bado yuko hai. Nikamwambia yuko hai, ni baba yangu. Akasema nikufikishie salamu, na kwamba mwandiko kama ule hauombi, unaamrisha. Nimezifikisha.

Nilipotaka kulinyanyua niondoke, akanizuia. Akataka nisaini kwamba nimelipokea, lakini kwanza nilifungue nihesabu kilichomo mbele yake. Nikahesabu madaftari kumi na manne, moja moja, kwa sauti. Kisha nikasaini. Ilikuwa sahihi yangu ya kwanza ya kweli baada ya muda mrefu.

Ukurasa wa sitini na moja umeandikwa kama Fundi Kimya anavyoandika: “Breki imelika. Ibadilishwe. Nashauri lifti isitumike mpaka ibadilishwe.” Chini yake msimamizi, kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino wa bluu: “Tusubiri mwisho wa mwaka. Wajibu ni wetu.” Na sahihi. Mkaguzi alisoma mara mbili, akamsogezea msimamizi, na msimamizi akaomba maji ya kunywa. Leseni ya Fundi Kimya haikuguswa. Alirudi kazini Jumatano, mafundi wakampigia makofi kuanzia getini, naye akaguna na kwenda kuvaa ovaroli. Mkewe alilia kwenye simu mpaka na mimi nikalia. Mama mshonaji naye ametolewa plasta wiki hii, vidole vyote vinacheza, na jengo ndilo linalosimamia matibabu yake. Tangu siku hiyo nalala usingizi mpaka mke wangu ananitingisha. Baba, sijui nikueleze vipi nilivyo mwepesi.

Mkurugenzi nilimweleza kuhusu orodha: kwamba sikufungua boksi hata moja. Alisema na yeye alitoa wiki moja kwa kazi ya miezi, na hilo ni lake. Lakini onyo aliniandikia. Na kwa kuwa mtunza majalada ni mimi, barua ya kunionya mimi ililetwa kwangu mimi, nikatoa jalada langu, nikaipachika, nikaipa namba kumi na nne, nikasaini kwenye daftari la mapokezi kwamba nimeipokea. Karani wa mlangoni alikaribia kufa kwa kicheko. Sasa orodha ya kuteketeza inasainiwa na watu wawili, mimi na mkuu wa idara yenye nyaraka, na wote tunafungua kila boksi. Simu ya mezani imerudishwa. Vikaratasi vya kijani vilikuwa vimekwisha, nimekata vingine.

Ningeweza kuishia hapo, na ungefurahi, na Mama angefurahi. Lakini nilikuahidi kukwambia kwa nini nililifungua lile jalada.

Siku ya sita, Baba, niliacha kutafuta. Nilikwenda dukani nikanunua daftari la aina ile ile, jalada la kahawia na mgongo wa kitambaa chekundu. Nikalisugua kwa majani ya chai, nikalikunja pembe, nikaliburuza sakafuni. Nilimpigia Fundi Kimya nikamwuliza taratibu alibadilisha nini mwezi gani, naye akajibu kila swali, akidhani yananisaidia kutafuta. Kisha saa ya chakula cha mchana nikafunga mlango kwa ndani, nikaanza kuandika. Niliandika kurasa mbili na nusu kwa mwandiko wake. Sahihi ya msimamizi niliijaribu kwenye karatasi nyingine mara kumi na moja. Ya tisa ilifanana mno, nikajisifu. Nilijiambia simdanganyi mtu, kwa sababu onyo lilitolewa kweli, nami narudisha tu kilichopotea.

Halafu nikakumbuka orodha. Boksi themanini na nane lilikuwa kwenye ukurasa wa saba, na sahihi yangu inasema limekwenda kuchanwa, daftari litarudije? Ndiyo sababu nililifungua jalada la uteketezaji. Nilikwenda kuuchomoa ukurasa wa saba. Vidole vilikuwa vimeshaushika, nimeshafungua vyuma, na hati ya kiwandani iliyokuwa chini yake ikateleza ikaanguka mapajani mwangu. Basi usije ukamwambia mtu kwamba mwanao aliokolewa na uaminifu wake. Nilikuwa njiani kwenda kufuta athari za mkono wangu nilipokutana na mkono wako.

Na kuna baya zaidi. Nilipolipata daftari la kweli niliyaweka yote mawili mezani, nikalinganisha. Katika langu, onyo la breki nililitia mwezi wa tano. Mwezi wa tano wote Fundi Kimya alikuwa amelazwa hospitali kwa homa ya mapafu, na aliyekwenda kwenye lile jengo ni fundi mwingine, sahihi yake ipo. Mkaguzi angeliona hilo kabla hajakaa vizuri kitini. Na kughushi nani angebebeshwa? Mwandiko ni wa Fundi Kimya. Yule aliyenipa pole na kazi ndiye ningempeleka jela kwa kumsaidia.

Hilo sijamwambia mtu yeyote, si mke wangu, si yeye. Kesho Jumatatu nitamwambia Mkurugenzi, kisha nitakwenda nyumbani kwa Fundi Kimya nimwambie mbele ya mkewe. Nikifukuzwa nitakuwa nimefukuzwa kwa jambo la kweli. Lakini sikutaka wewe ulisikie kwa mtu mwingine, ndiyo maana umekuwa wa kwanza. Nisamehe, Baba. Jina ulilonijengea pale nilitaka kuliuza kwa kurasa mbili na nusu.

Nilifikiri kulichoma lile daftari. Nikashindwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hateketezi karatasi kwa sababu inamwaibisha, anateketeza kwa sababu muda wake umekwisha na aliyepewa mamlaka amekubali. Basi nakuletea ndani ya bahasha hii hii. Ukifungua jalada utakuta kikaratasi cha kijani. Nimeandika kwamba lilifunguliwa na kufungwa siku hiyo hiyo, kwamba lina kurasa mbili na nusu, na kwamba yote yaliyomo ni uongo wangu. Mwaka wa kuteketezwa nimeuacha wazi. Naomba uujaze wewe.

Wasalimie wote hapo: Mama, Dada na shemeji, na watoto wao. Macho usiyachoshe, soma kidogo kidogo. Mjukuu wako anasema anakudai jibu la barua yake, na kwamba ameiandika tarehe aliyoituma.

Nakuamkia tena, Baba.

Mimi mwanao,
mtoto wa masjala

(Kurasa nane na daftari moja. Tafadhali hesabu kabla hujamsainia aliyekuletea.)